Shemeji Otmar na Njia ya Kwao

Shemeji yangu Otmar aliendesha malori ya mgodini miaka mingi, yale ambayo tairi lake peke yake linampita mtu mzima kwa urefu, na katika miaka yote hiyo hakupotea hata mara moja. Hilo hupenda kuwaambia wageni. Asichowaambia ni kwamba barabara yenyewe ilikuwa moja tu, inashuka shimoni na kupanda kutoka shimoni, na mbuzi angeijua baada ya wiki.

Alipostaafu, wenzake walifungua maduka ya saruji na nondo, wengine wakanunua mashine za kusaga. Yeye akanunua nyumba yenye magurudumu. Ilikuwa ya Wazungu wawili, mume na mke, waliokuwa wanaizunguka Afrika kwa furaha mpaka walipofika Geita wakanuniana. Mke akapanda ndege Mwanza, mume akabaki anatafuta mnunuzi, na Mungu akamwonyesha shemeji yangu. Ndani ya gari hilo mna kitanda, sinki, meza ya kukunja, jiko la gesi, na choo ambacho dada yangu Lukresia aliapa hatakitumia, kwa sababu mtu akiwa humo anasikia viazi vikichemka.

Msidhani alikuwa hana pa kulala. Ana nyumba ya matofali hapo Kalangalala mjini Geita, ina sebule, ina makochi yenye vitambaa nilivyodarizi mimi mwenyewe, maana mimi ni fundi cherehani na nakaa chumba cha uani kwao. Lakini mwenye nyumba akawa anashinda ndani ya gari, amelaza kiti, miguu juu ya dashibodi, anazungumza na Monika.

Monika si mtu. Ni sauti ya mwanamke inayotoka kwenye kishikwambi kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, ile jipiesi ya kuonyesha njia. Mtoto wao Frank ndiye aliyemwekea alipokuja likizo, akamfundisha kuandika jina la mahali na kubonyeza. Jina la Monika alilitoa shemeji mwenyewe, hatujui wapi, na dada yangu aliona ni heri asiulize. Monika husema Kiingereza cha puani na hajui kusalimia. Shemeji akienda sokoni, soko analokwenda tangu Frank ananyonya, lazima amwashe. Jumapili moja alimwasha kwenda kanisani, akaingizwa kwenye ua wa mama mmoja aliyeanika mihogo, na Monika akatangaza kwamba wamefika. Shemeji alikaa pale juu ya mihogo ya watu, anatafuta msalaba kwa macho, mpaka mwenye mihogo alipotoka na ufagio.

Kwa hiyo siku aliposema anakwenda kwao kumwona baba yake, nilijua kwamba Monika atakwenda. Sikujua kwamba na mimi nitakwenda.

Kwao ni Mwalugeha, kijiji cha wafugaji upande wa pili wa Mwakitolyo, na baba yake ni mzee Makoye. Zamani mzee huyo alikuwa amemchagulia Otmar binti wa jirani na kumtengea ng'ombe wa kuolea. Siku ya kupeleka posa Otmar akatokea na dada yangu, Msumbwa wa Ushirombo, ambaye walikuwa wameshafunga ndoa kanisani bila hata ndama mmoja kutoka zizini. Mzee hakufoka. Aliwaangalia mbele ya majirani, akasema mtu huyo hamjui, wala hana mtoto anayeitwa Otmar. Wakageuza siku ile ile. Tangu hapo dada yangu amekuwa mke wa mtu asiye na kwao, na mimi, niseme wazi, nilikuwa nimemchukia mzee Makoye kwa moyo wote bila kumtia machoni.

Halafu Theonest, binamu yake shemeji anayefanya kazi Tabora, akapiga simu. Alisema macho ya mzee yanakwisha. Mchana wa jua kali bado anamtambua mtu akimsogelea, lakini jua likizama hana kitu, na hospitalini wameshamwambia amechelewa. Anayetaka kuonwa na Makoye, aende kabla ya mvua.

Mchana kutwa shemeji hakumwasha Monika. Jioni akapiga namba ya mzee aliyopewa na Theonest. Nilikuwepo. Simu ikapokelewa, akasema, "Baba, ni mimi Otmar," na ikakatwa. Akapiga tena, ikawa haipatikani. Aliiweka simu mezani taratibu, akasema tutakwenda hivyo hivyo, Alhamisi, kwa gari lake.

Nikamuuliza kwa nini asipande basi kama binadamu. Akajibu kwamba hataki kumsumbua mzee kwa habari za malazi. Hebu fikiria: mtu anakwenda kwa baba yake mzazi amebeba kitanda chake, jiko lake na choo chake, ili akifukuzwa awe ameshafika nyumbani. Ningemwambia hayo, maana shemeji ni wa kutaniwa, lakini dada yangu alikuwa anakunja shuka za safari, anazikunjua, anazikunja tena. Akaniomba nimsindikize. Nikafunga cherehani.

Tuliondoka alfajiri ili tufike jua likiwa utosini. Monika aliongoza vizuri sana kwenye lami. Kwenye lami hata mimi ningeongoza. Tukapita Bulyanhulu, tukaiacha barabara kubwa, tukaingia vumbini, na hapo ndipo yule bibi wa puani alipoanza kusitasita. Shemeji mwenyewe hakuwa na msaada. Alipoondoka, njia za huko zilikuwa za ng'ombe. Siku hizi ni maduara, yale mashimo ya dhahabu, karasha zinazosaga mawe, na vijiji ambavyo vimeota juzi. Matawi ya migunga yakawa yanakwaruza paa. Sahani zikatoka kabatini moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa nyuma kwenye benchi, nimekumbatia mtungi wa gesi kwa miguu, nawaza yule mke wa Kizungu alivyokuwa na akili kupanda ndege.

Tukasimama kwenye kijiji kimoja injini ipoe. Haikupita muda, akina mama wakaanza kuja na watoto migongoni, kila mmoja na kadi ya kliniki mkononi, wakapanga foleni mlangoni. Walidhani ni gari la chanjo. Dada yangu akashuka kuwaomba radhi, na mimi nikaona hiyo ndiyo nafasi, nikawauliza njia ya Mwalugeha. Wakauliza kwa nani. Nikasema kwa kweli wenyeji wenyewe ni wa dereva, muulizeni yeye ni wa nani. Foleni nzima ikageuka kumtazama dereva, na dereva akapandisha kioo, akapiga honi.

Inabidi nieleze. Sehemu zile huulizi njia kama unavyonunua kiberiti. Unasimama, unasalimia, unasalimiwa, unaulizwa utokako, unaulizwa wewe ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, mvua za kwenu zikoje. Wakisharidhika ndipo wanakuelekeza, na pengine mtu anaacha jembe lake anakusindikiza. Shemeji yangu Msukuma anayajua hayo kuliko mimi. Lakini kila tulipopita watu, dada yangu akisema, "Baba Frank, si uulize," yeye alijibu kwamba Monika anajua. Mimi nikadhani ni ule ubishi wa madereva.

Jua lilikuwa limeshaanza kulala upande wa pili Monika alipotupeleka kushoto, tukashuka kwenye makorongo, tukapita kati ya maturubai na vifusi, vijana waliojaa vumbi jeupe wakitushangaa, na mbele ya kibanda cha mabati akatangaza kwamba tumefika. Tulikuwa katikati ya machimbo. Juu ya kibanda, kwa rangi nyekundu, paliandikwa MWALUGEHA HOTELI, na chini yake, kwa herufi ndogo, wali maharage, ugali samaki.

Watu wa dhahabu ndivyo walivyo. Wanahama na uvumi wa dhahabu, leo hapa kesho kule, na kila anayefungua biashara anaiita jina la kwao ili watu wa kwao wajue pa kula. Jirani na hapo palikuwa na Ushirombo Saluni, na ng'ambo yake mtu wa Kigoma anauza vocha na hakuficha atokako. Kijana fulani mwenye simu nzuri aliiweka hoteli hiyo kwenye ramani, na kijiji chenyewe hakuna aliyekiweka. Basi Monika alitafuta Mwalugeha, akapata moja, akaona inatosha. Shemeji alikitazama kibao, akamtazama Monika, akakitazama kibao tena. Nadhani kama nisingecheka angekubali kwamba kijiji chao siku hizi kinauza samaki.

Mwenye hoteli akatoka na mwiko mkononi. Alikuwa mama mnene wa makamo, baadaye tulijua anaitwa Serafina. Akaja moja kwa moja kwenye dirisha la dereva, akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila." Safari hii kioo kilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Shemeji akajibu mwadila. Akaulizwa atokako, akasema Geita.

"Geita ni mahali pa kazi," Serafina akasema. "Nakuuliza kwenu."

Shemeji akasema kwao ni Mwalugeha. Mama yule akafurahi sana, na yeye ni wa huko huko, akataka kujua ni mtoto wa nani.

Nilimwona shemeji kwa nyuma, shingo yake na jasho lake, na mikono iliyoshika usukani wa gari lililosimama. Nikaelewa, na nikaona aibu kwa kicheko changu. Hakuwa mbishi. Kila aliyemuuliza njia angemuuliza baba, na yeye angelazimika kulitaja jina la mtu aliyesema hana mtoto kama yeye. Aliogopa kujibiwa na mpita njia kwamba Makoye hana mtoto anayeitwa hivyo. Monika hakuuliza mtu ni wa nani, na ndiyo sababu alimpenda.

"Ng'wana Makoye," akasema mwishowe.

Serafina akauweka mwiko juu ya boneti. Akamtazama kwa muda, akauliza kama yeye ndiye Otmar. Shemeji akakubali. Basi yule mama akatuambia habari ambayo hatukuwa tumeijua.

Mwaka juzi, wakati wa mavuno, mtu alimpigia mzee Makoye simu. Akalia, akasema, baba, ni mimi Otmar, nimepata ajali, nipo hospitali, nitumie chochote kwenye namba hii. Mzee hakuuliza swali hata moja. Akamtoa ng'ombe zizini siku ile ile, akampeleka mnadani mwenyewe, na ndugu yake Serafina ndiye aliyetumwa kwenda kutuma hela. Namba haikupatikana tena. Ilipofahamika kwamba ni matapeli wa simu, kijiji kilicheka, na mzee akasema hatadanganywa na sauti mara ya pili. Tangu hapo anayepiga akajiita Otmar anakatiwa, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wameagizwa kwamba mtu yeyote atakayefika langoni kwake na jina hilo, kama yeye Makoye hajamwona kwa macho yake, wamkamate ni mwizi.

"Aliuza ng'ombe," shemeji akasema.

"Yule mweusi, kiongozi wa kundi."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya mtu aliyesema ni wewe," Serafina akajibu.

Shemeji akashuka, akakaa kwenye benchi la hoteli kati ya wachimbaji waliokuwa wanakula. Akaomba maji, akapewa, hakuyanywa. Aliyeyashika maji hayo ni yule aliyekatiwa simu nyumbani kwake, akaamini anafukuzwa tena. Dada yangu akakaa kando yake, akamshika goti mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Ni vigumu kuendelea kumchukia mtu ambaye ameuza ng'ombe wake bora bila kuuliza swali. Nilijaribu kidogo, ikashindikana.

Serafina akatuelekeza: turudi mpaka uwanja wa mnada, tushike njia ya lambo la kunyweshea ng'ombe, na baada ya lambo tuulize. Shemeji akambandua Monika kwenye kioo, akamtia kwenye droo ya vijiko. Bibi hakukubali. Njia nzima nilimsikia huko ndani, kati ya vijiko, akitusihi tugeuze.

Ungedhani sasa mambo yamenyooka. Lakini shemeji yangu hajui kufanya kitu kwa kiasi. Mtu aliyekuwa anapandisha kioo asubuhi sasa akawa anasimama kwa kila mzee, kila bodaboda, kila mama mwenye ndoo. Anashuka kabisa, anavua kofia, anasalimia, anasema yeye ni ng'wana Makoye, na watu wanashika vinywa, wanauliza habari za miaka yote, naye anawajibu mwaka mmoja mmoja. Mzee mmoja alimsimulia vifo vyote vya ukoo tangu alipoondoka. Dada yangu akawa ananionyesha jua kwa kidole bila kusema. Nikamwita shemeji, nikamwambia tulikimbia kutoka Geita ili tuonekane mchana. Akasema anakuja, ila amalizie salamu.

Tulifika jua limezama. Palikuwa na ua wa minyaa, lango la miti iliyolazwa, mbwa wanabweka ndani, na rangi kidogo tu imebaki angani. Shemeji akasimama langoni. Alikuwa na njia nzima ya kutafakari aseme nini, na baada ya kutafakari kote huko akasema, "Baba, ni mimi Otmar."

Ndani, sauti ya mzee ikasema kwa utulivu kwamba wezi wamerudi. Filimbi ikapulizwa.

Sungusungu hawachelewi. Walitokea pande zote na pinde na marungu, na kiongozi wao alikuwa kijana anaitwa Sostenes, ambaye shemeji alipoondoka hapo alikuwa bado hajazaliwa. Mmoja wao akachungulia ndani ya gari kwa tochi, akaona kitanda, akaona jiko, akaona droo inayozungumza Kiingereza, na hakuhitaji ushahidi zaidi. Dada yangu akajaribu kueleza. Lafudhi yake ya Ushirombo haikutusaidia. Sostenes akasema kwa adabu kabisa kwamba tutafungiwa kwenye ofisi ya kijiji, na asubuhi watatukabidhi polisi.

Mzee Makoye alikuwa amefika langoni na fimbo yake. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomchukia. Sostenes akamwambia aende akalale, wao watamaliza.

"Sauti inaigwa," mzee akasema. "Mimi namtaka mtu nimwone."

"Giza limeshaingia, mzee. Huoni."

Mzee alisimama tu, uso ameuelekeza kwetu, anatazama pasipo na kitu. Nikamwona shemeji anageuka ghafla na kupanda kwenye kiti cha dereva. Pinde zikainuliwa, nikafumba macho. Hakuwasha injini. Aliwasha taa, zote: kubwa za mbele, za ukungu, na ule mstari mzima wa taa za juu ya paa ambao Wazungu walifunga kwa ajili ya kutazamia simba. Ua wa minyaa ukawa mchana. Kisha akashuka, akazunguka mbele ya gari, akavua kofia, akasimama katikati ya mwanga ule mikono ikining'inia. Mtu aliyejificha nyuma ya kioo safari nzima akasimama pale aangaliwe, macho yanamtoka machozi kwa ukali wa taa, au kwa kingine.

Sostenes akamshika mzee mkono, akamleta mpaka ubavuni mwa boneti. Mzee akamwachia, akasogea mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka wakawa wanakaribia kugusana. Akamtazama kuanzia kichwani. Alichukua muda wake, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Nilimsikia dada yangu anapumua.

"Uliondoka una nywele," mzee akasema.

Pinde zikashuka. Shemeji akapiga magoti kwenye vumbi. Mzee akamwekea mkono juu ya kile kipara, akauacha hapo, akageuza uso upande wetu, gizani.

"Na yule wa Ushirombo yuko wapi?"

Dada yangu hakusogea. Nikamsukuma mgongoni. Akajifunga kitenge vizuri, akaenda, akapiga magoti kando ya mumewe kwenye mwanga, akasema shikamoo baba. Mzee akainama mpaka uso wake ukawa karibu kabisa na uso wa dada yangu, akamwangalia kama alivyomwangalia mwanawe, bila kuruka kitu.

"Marahaba," akasema. "Zimeni taa. Nimewaona."